Makovu Kwenye Mapafu: Dawa Ipi, kwa Nani, na Oksijeni Lini

Barua za safu hii mara hii zinahusu maradhi mamoja: makovu kwenye mapafu, ambayo madaktari huyaita faibrosisi. Ni maradhi adimu, na ndiyo maana wengi hulijua jina lake wakiwa wameshapitia dawa za pumu, za kifua kikuu na hata za moyo. Tumeanza na barua inayouliza ni maradhi gani, kwa kuwa dawa inayomfaa mgonjwa mmoja humdhuru mwengine mwenye picha inayokaribia kufanana na yake.

Assalaam alaykum, daktari. Baba ana miaka 64, zamani alikuwa mvutaji sigara. Mwaka wa pili huu anakohoa kikohozi kikavu, na akipanda kilima cha kwetu husimama mara tatu. Alianzishiwa dawa za TB ingawa makohozi yalikuwa safi, akazimaliza miezi yote 6, hali ni ile ile. Sasa picha ya kifua imeandikwa faibrosisi. Hii ni TB iliyobaki? (Wete, Pemba)

Waalaykum salaam. Picha ya kawaida ya kifua haiwezi kulimaliza swali lako. Inaonyesha weupe tu, na weupe huo unaweza kuwa kovu la TB ya zamani, majimaji, au maradhi haya. Daktari huangalia kwanza mahali. TB hupenda sehemu ya juu ya pafu, mara nyingi upande mmoja kuliko mwengine, na huacha mashimo. Faibrosisi isiyojulikana chanzo, ambayo kwa kifupi huitwa IPF, huanzia chini na pembezoni, pande zote mbili, kisha hupanda juu. Wengi wanaoipata wamekaribia au wamepita miaka 60, wanaume ni wengi zaidi, na sigara imo katika historia zao. Baba yako yumo humo.

Jambo moja mnaweza kulitazama nyumbani. Asimame penye dirisha, akutanishe kucha za vidole viwili vya shahada, cha kulia na cha kushoto, mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida, kwenye mizizi ya kucha hubaki kitundu kidogo kinachopitisha mwanga, chenye umbo la almasi. Kitundu kikiwa kimeziba na ncha za vidole zimevimba kama rungu, hiyo ni dalili ya kuwahi hospitali, si ya kungoja. Hutokea kwa wagonjwa wengi wa IPF, lakini hutokea kwa saratani ya mapafu pia.

La pili ni la daktari: asikilize mgongoni, chini kabisa, mgonjwa akivuta pumzi taratibu. Mapafu yenye makovu hutoa mlio kama wa kubandua velkro ya kiatu cha mtoto. Mzee avue kanzu na fulana. Mlio huu haupiti kwenye nguo mbili, na aghalabu kifuani kwa mbele hausikiki.

Kisha picha ya CT, inayoonyesha kifua vipande vipande kama mkate uliokatwa. Ombeni ya vipande vyembamba, milimita 1 hadi 1.5, bila dawa ya kuchoma mshipani. Ipigwe akiwa amevuta pumzi yote, irudiwe akiwa ameitoa, na vipande vichache akiwa amelala kifudifudi. Sababu ya kulala kifudifudi ni kwamba mtu aliyelala chali damu na uzito wa pafu hukaa nyuma, pakaonekana peupe hata pasipo na maradhi. Sababu ya kutoa pumzi ni kuona kama kuna hewa iliyonaswa, alama inayoelekeza kwenye mzio wa mapafu tutakaoueleza chini. Daktari wa picha akiona vijishimo vilivyopangana kama masega ya nyuki chini na pembeni, na hakuna sababu nyengine, hapo IPF huthibitishwa bila kukata kipande cha pafu. Kukata kuna hatari yake kwa mtu ambaye pumzi imeshapungua, kwa hivyo msikubali wala msikatae kabla ya kuuliza jibu lake litabadilisha nini.

Mkiondoka, ondokeni na picha zenyewe kwenye sidii au flashi, siyo karatasi ya ripoti peke yake. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Pemba hadi hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja, au akavuka hadi Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na karatasi tupu, hupigwa CT upya na kulipa upya.

Vipimo vinavyobaki ni hivi. Spirometri, yaani kupuliza kwenye mashine: mtu aliyetarajiwa kupuliza lita 3.6 akapuliza 2.3, ana asilimia 64. Mwenye pumu hewa hutoka polepole. Mwenye makovu hutoka haraka ila ni kidogo, ndiyo maana pampu ya salbutamoli haimsaidii. Damu, kutafuta maradhi ya viungo na ngozi ambayo hushambulia mapafu. Makohozi kwa mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya TB, ili swali la TB lifungwe kwa ushahidi. Na orodha ya dawa alizowahi kutumia, kwani amiodaroni ya moyo, nitrofurantoini ya mkojo inayotumiwa kwa miezi mingi, na methotreksati ya maradhi ya viungo zinaweza kuharibu mapafu zenyewe. Mwandikeni pia kazi zake zote. Fundi aliyekata taili na zege kwa grenda bila maji kwa miaka kumi ana sababu yake ya makovu, na haiitwi IPF.

Mume wangu ni mvuvi, miaka 61. Amethibitishwa IPF. Daktari ametaja pirfenidoni na nintedanibu, akasema tuchague. Jamaa yuko tayari kututumia pirfenidoni kutoka India, lakini vidonge ni vya miligramu 200 na karatasi ya daktari inasema 267. Zinaponesha? (Nungwi)

Haziponeshi, Bibie: kovu likishaingia halifutiki. Kazi yake ni kupunguza kasi. Katika utafiti mkubwa wa nintedanibu uliochapishwa mwaka 2014, wasiopewa dawa walipoteza kiasi cha mililita 240 za pumzi kwa mwaka, waliopewa karibu 115. Mtu mwenye afya hupoteza takriban 30. Kwa hivyo mgonjwa anayetumia dawa vizuri anaweza akaendelea kuona pumzi ikipungua, na akadhani dawa haifanyi kazi, kumbe bila hiyo angekuwa mbali zaidi. Wengi huacha hapo. Mwambieni mapema.

Nguvu za dawa hizi mbili zinakaribiana. Madhara ndiyo yanayochagua. Pirfenidoni husababisha kichefuchefu, hukata hamu ya chakula, na huifanya ngozi iungue kwa jua. Nintedanibu huharisha: zaidi ya nusu ya wanaoitumia hupata kuharisha, wengi kwa kiasi kinachodhibitika. Kwa mvuvi anayekaa ngalawani kuanzia alfajiri, sisi tungependelea daktari azungumze kwanza juu ya nintedanibu. Ila kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nintedanibu huongeza hatari ya kutoka damu, na hesabu inageuka.

Nintedanibu ni kidonge cha miligramu 150 mara mbili kwa siku, saa 12 kati yake, pamoja na chakula. Kimezwe kizima, kisifunguliwe wala kutafunwa. Kuharisha kukianza, asisubiri siku ya tatu: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na loperamidi, miligramu 4 kwanza kisha 2 kila baada ya choo laini, zisizidi 16 kwa siku. Kusipotulia, daktari hushusha hadi miligramu 100 mara mbili. Dawa hii haipatani na joto wala unyevu. Kwenye nyumba ya bati bila dari, iwekeni chumba cha kati katika boksi lake, kila kidonge kibaki ndani ya karatasi yake hadi saa ya kumeza. Mwanamke anayeweza kushika mimba haanzi dawa hii bila uzazi wa mpango wa uhakika, tena auendeleze miezi 3 baada ya kuacha, kwani humdhuru mtoto tumboni.

Pirfenidoni hupandishwa ngazi kwa ngazi. Wiki ya kwanza miligramu 267 mara tatu kwa siku. Wiki ya pili 534 mara tatu. Kuanzia ya tatu 801 mara tatu, jumla 2,403. Kwa vidonge vya 200 hesabu inakuwa kimoja mara tatu, viwili mara tatu, vitatu mara tatu, kisha daktari akiona anavumilia, vinne mara tatu, ambavyo ni 2,400. Tofauti ya miligramu 3 si kitu. Kosa tunaloliogopa ni jengine: kuna vidonge vya 200, 267, 400, 600 na 801, na vikibadilika duka, mtu huendelea kumeza “vitatu vitatu” kama alivyozoea. Vitatu vya 400 ni 1,200 kwa mlo mmoja. Andikeni miligramu kwenye daftari, msiandike idadi ya vidonge tu.

Avimeze katikati ya mlo: tonge kadhaa, kidonge, tonge, kidonge. Chai ya rangi na kipande cha mkate haitoshi kuzuia kichefuchefu. Akiacha kwa chini ya siku 14 hurudi kwenye dozi yake. Zikifika 14 au zaidi huanza upya ngazi ya kwanza. Sigara huishusha dawa hii mwilini karibu nusu. Siprofloksasini, ambayo huku huandikwa kwa urahisi sana kwa homa ya matumbo na mkojo, huipandisha, anayeandika aambiwe. Doksisaiklini nayo huzidisha kuungua kwa jua. Krimu ya jua ya SPF 50, mikono mirefu, kofia pana ya ukili, na kivuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Liwa haichukui nafasi ya krimu hiyo.

Ini hupimwa kabla ya kuanza dawa yoyote kati ya hizi. Kwa pirfenidoni hurudiwa kila mwezi kwa miezi 6, kwa nintedanibu kila mwezi kwa miezi 3, halafu kila baada ya miezi 3. Macho yakiwa manjano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, asimeze dozi inayofuata, aende akapime siku hiyo.

Kuhusu kutumiwa dawa: jamaa asizitie kwenye begi kimya kimya. Muulizeni kwanza Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) taratibu za kuingiza dawa ya mgonjwa binafsi, mkiwa na cheti cha daktari. Zije katika maboksi yenye namba ya toleo na tarehe, na kiasi cha miezi 3 badala ya mwaka mzima. Mgonjwa mmoja kati ya kadhaa hulazimika kubadilisha dawa, na maboksi yaliyobaki hayarudishiki. Mwenye bima aulize kama dawa imo kwenye orodha ya mfuko wake, na aombe jibu la maandishi.

Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya IPF iitwayo nerandomilasti. Msiache iliyopo mkononi kwa kuisubiri.

Jirani yetu alikuwa na makovu ya mapafu, akapewa prednisoloni, na baada ya miezi miwili anakwenda sokoni kwa miguu. Mama yangu ana faibrosisi na daktari amekataa kumpa. Kwa nini? Dawa ni rahisi na ipo kila duka. (Chake Chake)

Kwa sababu huenda jirani hakuwa na maradhi ya mama yako. Neno faibrosisi ni kama neno homa. Ndani yake mna maradhi mengi.

Jirani pengine alikuwa na mzio wa mapafu, ambao husababishwa na kuvuta vumbi la kitu kilicho hai: manyoya na kinyesi cha njiwa au kasuku, ukungu wa nafaka au majani yaliyolowa. Hapo kuna uvimbe unaochemka, na prednisoloni huuzima. Aghalabu huanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hushushwa kwa wiki na miezi. Lakini dawa bila kuondoa chanzo ni kuchota maji mtumbwini huku tundu liko wazi. Banda la njiwa likihamishwa lisifagiliwe kavu: limwagiwe maji, afagie mtu mwengine, na mgonjwa asiwepo. Protini za njiwa hubaki kwenye mapazia na magodoro miezi mingi baada ya ndege kuondoka, ndiyo maana watu husema “njiwa tumewatoa na bado anakohoa.”

IPF haina uvimbe wa kuzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliojaribu prednisoni (ndugu ya prednisoloni) pamoja na azathioprini na asetilisisteini kwa wagonjwa wa IPF, ulisimamishwa kwa upande huo, kwa sababu waliopewa mchanganyiko walikufa na kulazwa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Daktari wa mama yako hakumnyima, amemlinda.

Kuna kundi la tatu, la wanawake wengi zaidi: makovu yanayotokana na maradhi ya viungo na ngozi. Kama mama vidole vyake hubadilika rangi kwenye maji baridi, ngozi ya mikono inakakamaa, au viungo vinavimba asubuhi, mwambieni daktari. Mwenye ngozi inayokakamaa hupewa zaidi maikofenoleti, dawa ya kushusha kinga, na prednisoloni ya zaidi ya miligramu 15 kwa siku huweza kumletea dhara kubwa la figo. Makovu ya kundi hili, na ya mzio wa mapafu yanayoendelea kupanda licha ya tiba, yanaweza pia kupewa nintedanibu.

Anayeandikiwa prednisoloni ya muda mrefu visiwani kwetu aulize mambo matatu kabla ya kidonge cha kwanza: TB imeangaliwa? Sukari imepimwa? Na minyoo ya strongiloidesi, inayoingia kupitia ngozi ya mguu mtupu, imetibiwa kwa ivamektini? Minyoo hii hukaa mwilini miaka bila dalili, na prednisoloni ikishusha kinga huenea mwili mzima na kuua. Na asiiache ghafla. Baada ya wiki kadhaa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kukatisha siku moja humwangusha mtu kwa shinikizo la damu kushuka.

Ramadhani inakuja. Natumia dawa ya mapafu. Nifunge? (Makunduchi)

Inategemea dawa gani na uko hali gani. Nintedanibu inawezekana kuipanga: kidonge kwa futari, kama saa 12 na nusu jioni, kingine kwa daku saa 10 alfajiri. Hapo kuna saa tisa na nusu usiku na kama kumi na nne na nusu mchana, si sawasawa ila haiko mbali sana na mpango wake. Tatizo ni kuharisha. Anayeharisha mara tatu kwa siku, kwa joto hili, bila maji hadi magharibi, figo zake ndizo zitakazolipa. Huyo afungue.

Pirfenidoni ni ngumu zaidi. Mara tatu ndani ya usiku ni dozi ya siku nzima kubanwa katika saa zisizofika kumi, kichefuchefu huzidi, kisha mwili hukaa mchana kutwa bila dawa. Usijipangie mwenyewe “nameza sita kwa daku.” Mwende daktari mwezi wa Shaabani, siyo usiku wa kuandama mwezi. Anayetumia oksijeni mchana, au aliyepungua kilo kadhaa miezi ya karibuni, sisi kitabibu tunamwambia asifunge. Habari ya kulipa siku au kutoa fidia amuulize shehe wake.

Na kwa wanaouliza kama oksijeni ya puani hubatilisha saumu: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, iliitaja gesi ya oksijeni miongoni mwa visivyobatilisha.

Babu ameandikiwa oksijeni nyumbani. Tumeletewa mashine iliyotumika kutoka nje. Tuwe na hadhari gani, na umeme itakula kiasi gani? (Jang'ombe, Unguja)

Kwanza someni kibao cha nyuma. Kikiandikwa volti 115, hiyo ni ya Marekani, na mkiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 itaungua kabla hamjasikia harufu. Ikiwa ya 230, mtafuteni fundi wa vifaa vya hospitali aipime usafi wa oksijeni inayotoka. Ndani mna chembechembe zinazonasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mashine ikikaa ghalani miezi bila kuwashwa, chembe hizo hunywa unyevu, nasi unyevu tunao mwaka mzima. Mashine kama hiyo huwaka, hunguruma, na maji ya chupa yake hutoa mapovu vizuri tu, ilhali kinachotoka hakizidi sana hewa ya chumbani. Nzuri hutoa oksijeni ya asilimia 90 hivi; ikishuka chini ya 85, taa ya njano huwaka, kama taa yenyewe bado inafanya kazi.

Mashine ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi. Kwa saa 16 kwa siku ni uniti 5.6, kwa mwezi uniti 168. Hesabuni hilo kwenye mita ya Tukuza, ya umeme wa kulipia kabla, mwezi haujaanza, na mashine iwekeni nyuma ya kidhibiti cha umeme. Umeme wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwa waya, na walioishi Unguja giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 hawahitaji kuambiwa kwa nini lazima pawe na mtungi wa akiba. Mtungi wa lita 680, kwa kasi ya lita 2 kwa dakika, humalizika kwa saa 5 na dakika 40. Mkubwa wa lita 6,800 huenda saa 56. Geji isipofunguliwa kila wiki mkaitazama, siku ya kuuhitaji mtaukuta mtupu, vali huvuja.

Oksijeni huandikwa kwa mtu ambaye kipimo chake cha oksijeni ya damu, kinachosomwa na kibano cha kidoleni kiitwacho oksimita, akiwa amekaa ni asilimia 88 au chini. Kwa maradhi haya kipimo cha kukaa hudanganya: babu anaweza kusoma 94 kitini na 82 akifika msalani. Apimwe akitembea dakika 6, na daktari aandike kasi mbili, ya kukaa na ya kutembea. Mpira wa puani usizidi mita 15.

Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na jiko, na chujio la nyuma lioshwe kila wiki. Kwa nyumba za pwani, vumbi na chumvi huliziba mapema. Chupa ya maji ijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku.

Sasa moto. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini hukifanya kila kinachowaka kiwake kwa hasira, na huingia kwenye nguo, shuka na ndevu. Chetezo cha udi kisiingie chumba alichomo, wala ubani wa Ijumaa, wala mshumaa umeme ukikatika. Jiko la mkaa likae mita 3 au zaidi. Akizima mashine angoje nusu saa ndipo akaribie moto. Pua zikikauka msimpake mafuta ya mgando wala ya nazi. Tumieni krimu ya maji kutoka duka la dawa.

Kikohozi hakinipi usingizi. Habbat soda, asali, kujifukiza, vipi vinafaa? (Mkoani)

Asali kijiko hutuliza koo, haina ubaya kama huna sukari. Habbat soda haifuti kovu. Kujifukiza moshi wa aina yoyote acha kabisa. Kulamba samli au mafuta usiku usifanye, matone yake huteleza hadi mapafuni na kuleta nimonia ya mafuta, isiyosikia dawa za kuua vijidudu.

Angalia dawa yako ya presha: kaptoprili, enalaprili na lisinoprili hukohoza, na daktari anaweza kukubadilishia. Kama una kiungulia, inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mitatu hukunja tumbo na kuzidisha. Kikohozi kikishinda vyote hivyo, mofini ya kiasi kidogo, miligramu 5 za kutoka polepole mara mbili kwa siku, imethibitika kukipunguza kwa wagonjwa wa IPF. Ni dawa ya daktari, na hufunga choo, basi iandikwe na dawa ya choo.

Kaka ana miaka 48. Kupandikizwa pafu kunawezekana? (Mwanakwerekwe)

Hapa Tanzania haufanyiki. Wanaopelekwa huenda nje ya nchi, kama India. Kwa umri wake swali liulizwe sasa, angali anatembea, kwani anayefika akiwa kitandani hukataliwa. Awe hana saratani, havuti sigara, uzito si mdogo kupita kiasi, na ana mtu wa kukaa naye huko kwa miezi. Baada ya upasuaji hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na nusu ya waliopandikizwa hupita miaka 6 hivi. Hadi hapo, mazoezi: kutembea mara tatu kwa wiki kwa wiki 8, dakika 20 hadi 30, kwa mwendo ambao bado anaweza kusema sentensi fupi. Chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia azitafute mapema.

Mama ana IPF. Wiki hii amepakwa piko mikono na miguu kwa harusi ya mjukuu, na oksimita inasoma 84. Tumeingiwa na hofu. (Micheweni)

Rangi nyeusi ya piko huuzuia mwanga wa oksimita na hushusha namba. Hina nyekundu peke yake haisumbui sana. Geuza kibano kikae ubavuni mwa kidole, mwanga upite pembeni bila kugusa ukucha. Mkono uwe na joto, mama amekaa kimya, subirini dakika nzima hadi namba itulie. Kumbukeni pia kwamba kwa ngozi nyeusi oksimita huelekea kusoma juu kuliko ukweli kwa pointi mbili tatu, kwa hivyo 90 yake msiifurahie mno. Jaribuni vidole vitatu tofauti, na kifaa hicho hicho mkijaribu kwa mtu mzima wa afya asiyepakwa kitu. Harusi ijayo mwacheni kidole kimoja bila piko.

Kama baada ya hayo yote bado ni 84, au pumzi yake imebadilika ndani ya siku chache hizi kuliko alivyozoea, hapo si piko tena. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mchukue sidii ya CT pamoja na maboksi ya dawa.